Kilo Moja kwa Mfuko

Jumatatu, 4 Machi

Kila mwaka mwenye ghala la unga hutugawia shajara yenye picha ya suke la ngano juu, na kila mwaka huishia chini ya mguu wa meza yetu inayoyumba. Ya mwaka huu nimeichomoa leo. Meza na iyumbe. Nina mambo ya kusema na sina wa kumwambia, kwa kuwa wote ninaowaambia mambo yangu ndio hao hao ninaotaka kuwasema.

Mvua imeanza rasmi, na mume wangu ameambiwa ana presha. Wala hakwenda kupima presha. Alikwenda zahanati kufungwa bandeji, maana tanuri lilimuunguza mkono wakati anatoa mikate. Muuguzi wa pale, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, hamwachi mtu atoke bila kumvika ule mpira wa mkononi. Ikasoma 178 kwa 108. Akampumzisha, akabadilisha mkono, akarudia. Ikawa vilevile.

"Baba, kichwa kinauma?"

"Hapana."

"Kizunguzungu?"

"Kitoke wapi? Nimetoka kukanda mfuko mzima wa unga asubuhi hii."

"Ndiyo ubaya wake," muuguzi akasema. "Ugonjwa huu haupigi hodi."

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na mwavuli unaodondosha maji. Kwetu sisi presha inakaa nasi nyumbani. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa tanuri letu mpaka mwaka juzi, alipoinama kunyanyua mfuko akashindwa kuinuka. Kiharusi. Upande wa kulia umelala mpaka leo. Anashinda kwenye benchi mbele ya duka, anawapungia wateja mkono wa kushoto, na maneno yanamtoka yamepinda. "Nusu yangu imestaafu," huwaambia, "nusu bado inatafuta kazi." Watu wanacheka. Mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati kila asubuhi, kwa hiyo sicheki sana.

Sitaki wa pili. Naandika wazi wazi hapa: sitaki wa pili. Mikono yangu haitatosha.

Jumanne, 5 Machi

Masharti ya muuguzi: vidonge kila siku, asikose. Mboga za majani, matunda, maharage. Mafuta kwa kiasi. Atembee. Na chumvi ya siku nzima, yote kwa jumla, isizidi kijiko kimoja cha chai.

"Kwenye mchuzi unatia kiasi gani, mama?"

Nikamwonyesha kwa vidole. Akafumba macho.

Nimerudi nyumbani nikatoa kopo la chumvi mezani, nikalipandisha juu ya kabati nyuma ya masufuria ya wageni. Fundi (ndivyo watu wote wanavyomwita mume wangu, nami pia) ameniangalia nikipanda kwenye kigoda. "Bibie," akasema, "unaficha chumvi au dhahabu?"

Alhamisi, 7 Machi

Mchuzi bila chumvi. Fundi amekula akamaliza. Shemeji, ambaye naye ni mgonjwa wa hiyo hiyo na tangu awali nilipaswa kumpikia hivi, ameonja akaniuliza polepole kama leo nimepika au nimechemsha tu maji, mboga zikaingia kwa bahati mbaya.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua usiku na mchana. Watu hawawashi majiko, kuni zao zimelowa, kwa hiyo wanakula mkate. Tumeoka mifuko miwili badala ya mmoja. Baridi inachelewesha donge kuumuka, na chumvi ya kuokea imevuta unyevu ikawa mabonge. Naitwanga kwanza ndipo naipima. Kilo moja ya chumvi kwa mfuko mmoja wa unga. Ndivyo alivyopima baba mkwe, Mungu amrehemu, na ndivyo walivyopima wanawe.

Kiuno si changu.

Alhamisi, 14 Machi

Lazima nimsifu mume wangu, maana nikimlaumu naandika mistari mingi. Ameyashika masharti. Hanung'uniki. Ameacha hata samaki wa kukaushwa aliokuwa akiwapenda kuliko mimi. Mchuzi wangu wa siku hizi haupiti kooni peke yake, basi anausindikiza na mkate. Jana jioni alimaliza mkate mzima na robo ya mwingine. Nilifurahi kumwona anashiba.

Jumatatu, 18 Machi

Sahani yangu naitia chumvi jikoni kabla sijaileta mezani. Mimi siumwi. Nikishasimama mbele ya tanuri tangu alfajiri, nikavalisha mtu, nikauza, nikafua, basi angalau chakula changu kiwe chakula.

Jumatatu, 25 Machi

Zahanati. 176 kwa 106. Wiki tatu za mchuzi wa kuhuzunisha, na zimeshuka mbili.

Muuguzi aliangalia saa yake ya kupimia, akamwangalia Fundi, kisha akaniangalia mimi, na macho yale yalikaa kwangu muda mrefu.

"Vidonge anameza?"

"Nampa mwenyewe. Namwona akimeza."

"Chumvi?"

"Haingii nyumbani, sista. Kopo nimelificha."

"Basi inaingilia mlango mwingine." Akaongeza kidonge cha pili. "Baba, mimi si mke wako, sitagombana nawe. Lakini mwili hausemi uongo. Kama kuna mahali unaonja onja, acha."

Fundi aliapa kwa jina la mama yake. Muuguzi akatikisa kichwa kama aliyekwisha kusikia mama wengi wakiapiwa. Njia nzima ya kurudi nilitembea nyuma yake. Nilikuwa nafikiria huo mlango mwingine.

Alhamisi, 28 Machi

Nadhani nimeupata. Wifi yangu, mdogo wao wa mwisho, anauza karanga za chumvi chini ya upenu wa duka letu. Anazikaanga na chumvi mpaka zinang'aa, anazifunga kwenye vikaratasi. Anakaa hatua chache tu kutoka mlango wa tanuri. Fundi akitoka kupunga upepo, anatokea wapi? Kwa wifi. Wanacheka. Nikichungulia wananyamaza.

Wifi ananipenda kama mtu anavyompenda mwenye nyumba. Wakati wa harusi yetu alisema kaka yake amechukua mke mwenye mkono mzito jikoni. Nimemsamehe, lakini sijasahau.

Jumamosi, 30 Machi

Mvua. Paa linavuja juu ya meza ya kukunjia mikate. Nimetega sufuria.

Jumatano, 3 Aprili

Leo nimefanya kituko. Sijui bado kama najuta.

Mchana nilichukua aproni ya Fundi nikaifue. Mfukoni mkawa na kikaratasi cha karanga, kimefungwa vizuri, chumvi inapenya mpaka nje. Damu ikanipanda. Sikumwita ndani kama mke mwenye busara. Nilitoka nacho mpaka mbele ya duka, wateja wamesimama wanajikinga mvua, shemeji kwenye benchi, wifi kwenye kigoda chake, nikakibwaga mbele ya mume wangu.

"Hii ndiyo presha yako! Mimi najinyima usingizi kukupikia, na nyinyi mnanifanya mjinga!"

"Bibie, hizo sijala hata moja."

"Zimeingiaje mfukoni? Zimetembea?"

"Asubuhi mvua ilipomvamia dada na sinia lake, nilimsaidia kubeba. Pakiti moja imesahaulika."

"Moja imesahaulika! Na zilizokumbukwa ziko wapi?"

Wifi akasimama. "Wifi, maneno yako yana chumvi kuliko karanga zangu."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichonimaliza. Nikamwambia kama anataka kumzika kaka yake aniambie mapema, nimshonee nguo ya msiba. Nilisema hivyo, mbele ya watu, na shemeji akiwa amekaa pale pale na mkono wake uliolemaa mapajani. Shemeji akajaribu kusema kitu, ulimi ukamkwama, akaacha.

Fundi aliokota kile kikaratasi, akamrudishia dada yake, akaingia chumba cha tanuri. Wifi akakusanya sinia lake akaondoka mvuani bila kujifunika.

Ijumaa, 5 Aprili

Hatusemezani. Tunaulizana unga na trei basi. Wifi amehamia upenu wa fundi viatu ng'ambo ya barabara.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimemfuatilia mume wangu. Naandika na uso unaniwaka. Alisema anakwenda kutembea kama muuguzi alivyoagiza, nikamwachia shemeji duka, nikamfuata kwa mbali. Alitembea mpaka kwenye daraja, akasimama akatazama maji machafu yanavyopita, akarudi. Hakununua kitu wala kusimama kwa mtu. Alionekana mzee. Nilikata uchochoroni nikawahi nyumbani, nimelowa chapachapa, na aliporudi akaniuliza mbona nguo zimelowa. Nikasema paa linavuja.

Ijumaa, 12 Aprili

170 kwa 104, na vidonge viwili. Muuguzi aliandika namba tu. Fundi hakuapa tena.

Jumanne, 16 Aprili

Trei imemdondoka.

Tulikuwa tunatoa mikate ya kwanza. Nilisikia kishindo, nikageuka nikamkuta amesimama akitazama mkono wake wa kulia kama wa mtu mwingine. Mikate imetapakaa sakafuni. "Haushiki," akasema, na neno lenyewe likatoka limepinda. Ninaujua mpindo ule. Nimeishi nao miaka miwili.

Sikumbuki nilivyopiga kelele. Nakumbuka wifi alivuka barabara akiwa peku, nakumbuka gari la mwenye ghala la unga lililokuwa limeleta mifuko, tukampandisha juu ya magunia. Kabla hatujafika hospitali kubwa mkono ulikuwa umeanza kurudi, vidole vikafumba na kufumbua. Daktari alisema safari hii imepita yenyewe. Alisema neno "onyo". Presha ilikuwa 190 na ushei. Wamemlaza leo wamwangalie.

Wifi na mimi tulikaa kwenye benchi la korido, katikati yetu nafasi ya mtu mmoja. Wifi alivua kitambaa chake cha kichwa, akanipa nijifute uso.

Jumatano, 17 Aprili

Lazima niandike yote kabla usingizi haujanipiga.

Nimeoka peke yangu. Ningeweza kufunga duka siku moja, lakini mwili umezoea, saa yake ikifika unaamka tu. Nilimwaga unga, nikatia maji, hamira, sukari kidogo, nikakanda huku akili iko wodini. Nilipofunika beseni nikaenda kumvalisha shemeji. Niliporudi donge lilikuwa limefurika kwenye kingo, linamwagikia sakafuni, laini, limelegea. Katika baridi hii! Nikadhani hamira imeingia mara mbili. Nikalikusanya, nikaoka hivyo hivyo. Mikate ikatoka imepauka kama watu waliotishwa.

Wateja wakaanza kurudi kabla mvua haijakatika. Mwalimu mstaafu, ambaye hung'ata pembe ya mkate wake pale pale dukani kila siku ya Mungu, alinisogelea kwa adabu akaninong'oneza, "Mama, samahani, mkate wa leo hauna kitu." Nikaonja. Kweli, haukuwa na kitu. Nilikuwa nimesahau chumvi. Chumvi ndiyo breki ya hamira. Bila chumvi donge linakimbia na ganda halishiki rangi. Mke wa mwokaji miaka ishirini na miwili, nimesahau jambo ambalo hata kipofu halisahau.

Mchana Fundi akaruhusiwa. Wifi ndiye aliyekwenda kumchukua. Aliingia ameshikwa kwapani, mkono unafanya kazi, uso umenyooka, nami nikaenda nyuma ya mlango nikalia, kisha nikatoka. Akasema ana njaa. Sikuwa nimepika. Nikamkatia mkate wa asubuhi, kwani ndio uliokuwapo.

Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akanitazama mimi, akautazama mkate, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya karanga nikaona meno yake.

"Naona mkate nao umepelekwa zahanati."

Shemeji alicheka mpaka akakohoa. Wifi naye akacheka. Mimi nikaanza kucheka, kisha nikautazama ule mkate.

Niliinuka nikaenda kwenye chumba cha kukandia. Kilo yangu ya chumvi ilikuwa pale kwenye mizani, nimeipima alfajiri nikaiacha. Kilima kizima cheupe. Nilikitazama kana kwamba sijawahi kukiona, na kusema kweli sikuwahi. Kila siku nakipima, kila siku nakimwaga, na sijawahi hata mara moja kukiita chumvi ya chakula. Ni chumvi ya kuokea. Ni kama kuni.

Mfuko mmoja unatoa mikate mia mbili. Nikachukua kijiko cha chai, nikagawa kilo ile akilini, nikarudia kwa vidole kwa kuwa sikuamini. Kila mkate una kijiko kimoja cha chai. Kijiko cha siku nzima cha muuguzi kimo ndani ya mkate mmoja, na mume wangu alikuwa akila mmoja na robo jioni, achilia mbali wa asubuhi. Na alikuwa akila mwingi hivyo kwa sababu gani? Kwa sababu mchuzi wangu hauna chumvi. Kadiri alivyonitii ndivyo alivyozidi kuila.

Nilirudi mezani nikamnyang'anya kisu. Nikamweleza huku nimesimama. Wa kwanza kusema alikuwa shemeji. Ilimchukua muda, lakini aliimaliza yote: "Kikulacho... ki nguoni mwako."

Alhamisi, 18 Aprili

Muuguzi alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama! Mwezi na nusu nakuuliza anakula nini. Umenitajia mchuzi, umenitajia mboga, umenitajia mpaka chungwa. Mkate hukuutaja hata siku moja!"

"Sista, mkate kwetu si chakula. Mkate ni kazi."

Hapo hata yeye alicheka, ila si sana.

Njiani nilimwomba mume wangu radhi. Nilitaka kuisema vizuri, nilikuwa nimeipanga, ikatoka vipande vipande: karanga, wateja, nguo ya msiba. Sikutaja kwamba nilimfuata darajani. Akasema, "Nilikuona. Una mwendo wa haraka sana kwa mtu anayejificha." Kumbe alijua siku zote, akaniuliza kuhusu nguo kwa makusudi ili nipate nafasi ya kusema, nami nikasingizia paa.

Kwa wifi nilivuka barabara mwenyewe. Nilisimama mbele ya sinia lake. Aliniacha nisimame kidogo, haki yake. Kisha akasema, "Wifi, mimi nauza karanga. Siuzi ndugu yangu." Akanisogezea kigoda. Nilikuwa nimemwona mwanamke yule kwa miaka yote hiyo kama kidomo tu kinachotembea. Juzi alikimbia mvuani peku.

Jumamosi, 20 Aprili

Tumegombana tena, safari hii kwa sauti ya chini.

Nilimwambia tupunguze chumvi kwenye mkate. Aliniangalia kama nimemwambia tuuze tanuri.

"Mkate hauguswi."

"Fundi, mkono wako juzi—"

"Mkono ni wangu. Nitaacha kuula. Nitakula viazi. Lakini mkate ule ni wa baba, na ni wa watu wanaopanga foleni kwenye matope wakati duka kubwa la pale njia panda lina mkate wa kwenye nailoni. Umewaona juzi walivyorudi? Siku moja tu, wamerudi na mikate mikononi. Hamira itakimbia, ganda litapauka, halafu tutakula masharti sote."

"Basi niwaokee nyumbani mmoja mdogo usio na chumvi nyingi."

"Mkate wa mgonjwa mpe mgonjwa."

Nimemwokea shemeji. Ameupokea kwa mkono mzima. Mimi naendelea na wa kawaida, siwezi kuoka vyote na kula vyote kwa uangalifu.

Jumatatu, 29 Aprili

Fundi hajala mkate tangu siku ile. Anaukanda, anaukunja, anautoa, anaugonga chini kwa kidole kusikia kama umeiva, anaupanga rafuni. Kisha anakaa na viazi vyake vya kuchemsha na bakuli la mboga. Wateja wameanza kuuliza mbona mwokaji hali mkate wake. Anawaambia anawapunguzia foleni.

Sasa anasema mboga anazisikia ladha. Anasema nyanya ina chumvi yake yenyewe, kumbe. Nimeonja nyanya ile ile, mimi sisikii kitu.

Jumatatu, 6 Mei

148 kwa 92! Muuguzi amemwita mwenzake aje aone. Nilitembea kurudi nyumbani bila kufungua mwavuli.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua inaanza kuchoka. Hata mimi. Leo nilikaa juu ya mfuko wa unga nikasinzia, wifi akauza badala yangu.

Jumatatu, 13 Mei

138 kwa 88.

Fundi alivaa shati lake kama mtu aliyeshinda kesi. Muuguzi alikuwa na nafasi, mvua ya asubuhi iliwazuia watu. Akawa anakunja mpira wake, kisha akasita.

"Mama, wewe ulipimwa lini?"

"Mimi? Nilipojifungua mtoto wa mwisho."

"Ana miaka mingapi?"

"Anafanya kazi."

"Kaa."

Nilikaa ili kumridhisha. Nilikuwa nafikiria maharage niliyoyaacha kwenye maji. Mpira ukabana, ukalegea, naye akaubana tena kabla haujaisha upepo. Akabadilisha mkono. Niliona uso wake, nikajua hata kabla hajasema, kwa sababu ndio uso alioufanya ile siku ya mwavuli.

186 kwa 112.

"Unaumwa kichwa, mama?"

"Hapana."

"Unajisikiaje?"

"Nimechoka tu," nikasema. "Nimechoka kama watu wote."

Fundi alikuwa bado anafunga kifungo cha mwisho cha shati. Hakukimaliza. Alisimama vile vile, kidole kwenye kifungo, akiniangalia, na nikatamani aseme mzaha wowote. Msimu mzima nimehesabu matonge yake. Nimepekua mifuko yake, nimemfuata mvuani, nimemdhalilisha dada yake, na mtu aliyekuwa karibu kuanguka kuliko yeye ndiye aliyekuwa anahesabu. Tena huyo alikuwa akijitilia chumvi jikoni kwa siri. Nimemwambia muuguzi hilo. Nimewaambia wote wawili.

Hakuna aliyenikemea. Afadhali wangenikemea.

Jumanne, 14 Mei

Nimeamka kumekucha. Tangu niolewe haijatokea. Kitanda upande wake kilikuwa baridi, na hakuniamsha.

Nilikwenda mbio chumba cha kukandia, nikijiandaa kukuta mambo yameharibika. Unga ulikuwa tayari kwenye beseni. Shemeji amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevaa shati, vifungo vyote vimefungwa. Fundi amesimama mbele ya mizani na kilo nzima ya chumvi juu yake. Hakunisikia. Aliingiza mkono, akachota kiganja, akakirudisha kwenye gunia. Akatazama sindano ya mizani. Akachota kingine, akakirudisha.

"Fundi," nikasema, "si ulisema hauguswi?"

Hakugeuka.

"Nilisema kwa ajili yangu. Mimi niliambiwa naumwa, nikaweza kuacha kuula. Wewe ulikuwa hujui kitu, Bibie. Umekula mkate wangu miaka ishirini na miwili na ulikuwa unasema umechoka tu." Akapangusa kiganja kwenye aproni. "Wale wanaosimama kwenye foleni nao wanasema wamechoka. Nani amewapima?"



"Na hamira?" nikauliza, kwa kuwa ndilo swali pekee lililokuwa na majibu. "Itakimbia."

"Maji nimetia ya baridi. Haitakimbia. Ganda nitaliacha ndani ya tanuri kidogo zaidi lishike rangi. Na sipunguzi yote leo. Leo viganja viwili, wakizoea nitatoa kingine. Ulimi ukienda nao taratibu haugombi."

"Haba... na haba," akasema shemeji kutoka kwenye ndoo yake.

Nikamwuliza baba yao angesema nini. Fundi akageuka sasa. Macho yake yalikuwa mekundu, na tanuri lilikuwa bado halijawashwa.

"Baba alikuwa na mkwe mmoja tu," akasema, "na asingetaka nimletee wa pili."

Akamwaga chumvi ile iliyobaki kwenye unga. Nikanyoosha mikono niingie kwenye beseni, kama kila siku. Akaniondoa mikono polepole, akavuta mfuko wa unga mpaka ukutani, akaupiga piga ukalainika, akanikalisha.

Akakanda peke yake. Mimi nikakaa.